Mafuta ya Mashua

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na nalisema hili mapema ili usije ukadhani mwanangu aliponzwa na ujinga. Aliponzwa na elimu, tena elimu yangu mwenyewe.

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya jicho, naingia kidato cha tatu na kipande cha waya. Naukunja katikati na kuuinua juu waone wote. Hiki, nawaambia, ni kipande kidogo sana ambacho mwili unakitengeneza kutokana na vitamini A. Huko nyuma ya jicho, kwenye retina, kimeshikwa na protini, na viwili hivyo vikiwa pamoja vinaitwa rodopsini, rangi inayotuwezesha kuona penye mwanga hafifu. Mwanga ukiigonga, hapo nanyoosha waya kwa mkupuo mmoja, kipande kinanyooka, habari inakimbilia kwenye ubongo, umeona. Lakini rangi imekwisha kazi yake. Ndiyo maana ukitoka juani ukaingia stoo huoni kitu. Unasubiri. Mwilini mna vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kuukunja tena waya na kuurudisha kwenye protini. Baada ya nusu saa rangi imerudi, unaona mpaka pembe za chumba. Asiye na vitamini A hana waya, na kwake jua likizama ni upofu. Dawa yake nini? Darasa zima linapaza sauti: vitamini A!

Mwaka huu binti mmoja anaitwa Mwanasiti alinyoosha mkono. "Mwalimu, na kama waya upo tele, ila anayeukunja ni mvivu?"

"Hilo halitoki kwenye mtihani," nikamjibu. "Kaa chini."

Darasa likacheka, naye akakaa. Ningelipa swali lile dakika tano za kufikiri, nisingekuwa na haya ya kusimulia.

Tunakaa Nguvumali, mimi na binti yetu wa pekee, Blessing, mwenye miaka tisa. Mume wangu Wilfred ni msimamizi wa shamba la michungwa huko Maramba, anakuja mwisho wa wiki. Siku moja mwezi wa pili Blessing alikuwa anarudi na wenzake kutoka mazoezi ya kwaya ya watoto, Makorora. Jua lilikuwa limezama punde tu, na mwanga ulikuwa bado upo. Wenzake waliruka mtaro mmoja baada ya mwingine. Yeye aliuingia mzimamzima, akapasuka kidevu na kushonwa nyuzi tatu.

"Mbona hukuangalia unapokanyaga?" nilimfokea, maana mimi nikiogopa nafoka.

"Niliangalia, mama. Hakukuwa na mtaro."

Jibu hilo lilinikaa rohoni. Miaka yote nilikuwa namwita mzembe. Alikuwa akikanyaga paka, akigonga vigoda, akililia taa kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani kuihitaji. Kesho yake mchana nilimtoa barazani, juani, nikamwingiza stoo na kufunga mlango. Nikamwambia aniletee upawa. Mimi nilikuwa nauona baada ya dakika chache, umening'inia kwenye msumari mbele ya uso wake. Yeye alisimama amenyoosha mikono yote miwili. Nilitazama saa. Ikapita nusu saa, na bado anapapasa ukuta.

Nitasema ukweli: niliogopa, na ndani ya woga ule nilijiona bingwa. Nilikuwa nimegundua ugonjwa peke yangu, kwa saa ya mkononi na upawa.

Kwenye zahanati muuguzi aliniambia matone ya vitamini A ni ya watoto walio chini ya miaka mitano, na kwamba mtoto mkubwa asiyeona jioni apelekwe kwa daktari wa macho. Nikaona ananifundisha somo langu. Nilimshukuru kwa mdomo tu nikaondoka. Nyumbani nikafungua kitabu changu cha chuo, na pale nikakuta nilichokuwa nakitafuta: katika vyakula vyote, ini la papa lina vitamini A kupita kiasi cha kulinganishwa. Papa! Na mimi nakaa Tanga.

Hapa inabidi ujue kwamba mimi ni Msambaa wa Lushoto. Bahari nimeikuta ukubwani, na kwetu papa ni kitoweo cha sokoni, kikavu, hakina ini wala habari. Nilichojua ni kwamba ini lake huyeyushwa likatoka mafuta mazito yanayoitwa sifa, ambayo mafundi huyapaka kwenye mbao za mashua ili maji yasipenye. Nikaenda Sahare kwa Mzee Uweso, fundi ambaye wajukuu zake nimewafundisha.

"Shikamoo, Mzee Uweso."

"Marahaba, mwalimu. Leo umeingiwa na bahari?"

"Nataka sifa, chupa moja."

"Sifa ya nini, na wewe huna chombo?"

Nikasema uongo. "Mlango wa stoo unaliwa na mchwa."

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu niliona aibu. Mwalimu mzima aseme anamnywesha mwanawe mafuta ya mashua? Wangenicheka mpaka Chongoleani. Mzee alinijazia chupa ya lita moja, akaifunga kwa kitambaa. "Paka mikono miwili, acha ikauke katikati," akanielekeza. "Na siku hiyo msilale na madirisha yamefungwa. Harufu yake haina adabu." Alikuwa ananifundisha kupaka mlango, na mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Nilimpa vijiko viwili vya chakula kwa siku, kimoja asubuhi na kimoja jioni, katika juisi ya ukwaju. Alikunywa ameziba pua, machozi yanamtoka, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi kwamba ataona nyota. Alikuwa hajawahi kuziona. Wenzake wakizitaja alikuwa anadhani ni maneno ya kwenye nyimbo.

Wiki mbili hakuna kilichobadilika. Wiki ya tatu midomo yake ilianza kukauka na kupasuka, nikampaka mafuta ya mgando. Viganja vikaanza kubanduka ngozi, nikalaumu sabuni. Akawa analia kichwa, kila asubuhi kichwa, na akila anatapika. Jioni nikimjaribu stoo, hali ni ileile. Basi mimi na akili zangu nikaona dozi haitoshi. Nikaongeza kijiko cha mchana.

Wilfred alipopiga simu kutoka Maramba, nilimweleza kichwa tu, mafuta sikuyataja.

"Mpeleke hospitali, mama Blessing," akasema.

"Wewe angalia michungwa yako. Mtoto niachie mimi."

Wilfred si mtu wa kugombana, na mara nyingi nimeutumia vibaya upole wake.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Blessing amekaa kitandani nimemletea uji. Alinitazama muda mrefu, macho yake yakinipita kidogo pembeni. "Mama," akasema, "mko wawili."

"Wawili nani?"

"Wewe. Mko wawili, mmoja ameshika kikombe na mwingine ameshika kikombe."

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka, nadhani ni mwili tu ulikataa kulia. Nikamwambia avae viatu. Aliinama kufunga kamba, akabaki vile vile ameinama, mkono mmoja umeshika godoro.

"Imezima," akasema.

"Nini imezima?"

"Dunia. Ngoja, itarudi. Nikiinama huwa inazima halafu inarudi."

Alisema kwa utulivu kabisa, kama anayezungumzia umeme wa kukatika. Huwa inazima! Kumbe ilikuwa imezima mara nyingi na hakuniambia, kwa kuwa mimi nikiambiwa jambo baya nafoka. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu vijiko vitatu.

Ungedhani hapo ningeelewa. Sikuelewa. Woga ulikuwa umenishika sawasawa, na mtu aliyeshikwa na woga hung'ang'ania kile kile alichonacho mkononi. Chupa ilikuwa imebaki na tope chini. Nikamshika mtoto mkono, maana sikuthubutu kumwacha peke yake, tukaenda Sahare kuchukua chupa ya pili.

Mzee Uweso alikuwa amechuchumaa chini ya ubavu wa mashua, anapaka. Alimwona Blessing kabla ya kuniona mimi. Brashi ikabaki hewani. Akainuka, akamshika mtoto mikono na kuigeuza viganja juu, akatazama ngozi iliyokuwa ikining'inia vipande vipande. Akainama karibu na mdomo wake, akanusa.

"Nani kamnywesha mwana huyu sifa?"

Nilimvuta Blessing upande wangu.

"Mwalimu, nakuuliza wewe. Uliniambia mlango!"

"Haoni jioni, mzee. Vitamini..."

"Astaghafirullah! Sisi twala papa mkia hadi kichwa, lakini ini twalitupa au twapaka chombo. Mtoto mdogo wa kwetu Mtang'ata alijua hilo. Marehemu babangu aliwahi kuwaona mabaharia wageni walokula ini la papa mkubwa, wakabanduka ngozi kama mihogo ilochemshwa, na vichwa vyataka kupasuka. Ungaliniambia kweli siku ile, ningalikupiga kwa brashi hii, wallahi, na wewe mwalimu wa wajukuu zangu!" Nilitamani anipige kweli. "Nenda hospitali. Nenda sasa hivi, usipite nyumbani kubadili nguo."

Tulipanda bajaji. Njia nzima nilimwambia Blessing asiiname, asiiname, hata kijitabu chake cha nyimbo kilipoanguka nilikiokota mimi. Kila nilipomtazama alikuwa amefumba jicho moja ili nibaki mmoja.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana, Daktari Hafsa, mpole wa sauti ya chini. Nilimweleza yote, na safari hii sikuficha hata kijiko. Hakunikemea, na hilo liliniumiza kuliko maneno ya Mzee Uweso. Alimulika macho ya Blessing kwa muda mrefu, la kulia, la kushoto, akarudi tena la kulia.

"Mwalimu, vitamini A haitoki na mkojo," akasema. "Inajilimbikiza kwenye ini."

"Najua," nikasema. "Hilo nalifundisha."

Alinielezea kwamba ikizidi, majimaji yanayozunguka ubongo huongezeka presha, na presha ile ilikuwa inasukuma mishipa ya macho kwa nyuma. Imevimba. Isipopungua, mishipa itakufa, na hapo hatutakuwa tunazungumzia jioni tena, tutakuwa tunazungumzia mchana. Nilimsikia vizuri sana. Mwanangu alikuja duniani haoni jioni, na mimi nilikuwa nimemnywesha upofu wa mchana kwa kijiko, katika juisi ya ukwaju.

"Kuna jambo la pili," akasema. "Kwenye retina kuna vidoti vyeupe, vingi sana. Hivyo havikuletwa na mafuta. Nadhani amezaliwa navyo."

Akachukua karatasi akanichorea, na nilijua anachochora kabla hajamaliza. Waya uliopinda, waya ulionyooka. Alisema kuna magonjwa mawili ya kurithi yanayofanana mwanzoni. Wa kwanza hula retina kidogo kidogo mpaka mtu anabaki kipofu. Wa pili si wa kula kitu. Vitamini A ipo ya kutosha, waya upo, ila kimeng'enya kimoja katika vile vya kuurudisha kina kasoro, kinafanya kazi pole pole mno. Rangi ambayo kwako inarudi kwa nusu saa, kwake inachukua saa mbili, tatu, au zaidi. Lakini inarudi. Na watu wa namna hiyo kwa kawaida hawapofuki.

"Sasa ukimwongezea vitamini A," akaniuliza kwa upole, "inasaidia nini?"

Nikaelewa: ni kama mashine ya kusaga inayozunguka pole pole, nawe unazidi kumwaga mahindi. Swali lilikuwa la Mwanasiti. Nilikuwa nimelijibu kwa kumwambia akae chini.

Tulilazwa siku kumi na mbili. Walimtoa maji mgongoni kwa sindano, mimi nimemkumbatia asitikisike, na aliniuma bega hadi likatoka damu. Nashukuru aliniuma. Wilfred alikuja usiku ule ule kwa pikipiki kutoka Maramba, nikamwambia yote kwenye korido. Alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa kofia. Baadaye akaniuliza kitu kimoja tu: kama nilikuwa nimekula. Kichwa cha Blessing kilitulia pole pole, na wiki ya tano akasema nimekuwa mmoja tena. Daktari Hafsa akapima, akasema uvimbe umeshuka, mchana umepona.

Ilibaki jioni. Ilibaki kujua ni ugonjwa upi kati ya yale mawili.

"Mashine ya kupimia iko mbali," akasema, "na foleni yake ni ndefu. Mtaipata, nitaandika barua. Lakini giza mnalo nyumbani. Zibeni chumba, muache tundu dogo la mwanga, dogo kiasi kwamba wewe mwenyewe utaanza kuona baada ya dakika ishirini hivi. Kaeni humo saa tatu. Asitoke, asione taa wala simu. Akianza kuona, huo ni ule wa pili. Asipoona..." Hakumaliza, nami sikumwomba amalize.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Wilfred alipigilia blanketi mbili na turubai kwenye dirisha la chumbani kwetu, akaacha tundu la msumari. Blessing alikuwa ameketi barazani juani, kama tulivyoelekezwa. Tukaingia. Wilfred akafunga mlango kwa nje, akaziba chini kwa kanga, akakaa hapo na saa yake. Makubaliano yalikuwa atagonga kila nusu saa.

Giza lilikuwa zito. Tulikaa mkekani, tukitazamana, ingawa hakuna aliyemwona mwenzake. Wilfred aligonga mara ya kwanza, na kabla ya hapo mimi nilikuwa nimeshaanza kumwona Blessing: kwanza gauni, halafu mikono, halafu uso. Alikuwa ametazama ukutani, pembeni yangu kabisa, macho wazi.

"Naona giza tu, mama."

"Bado mapema," nikasema kwa sauti ya kuchangamka. "Hebu tuimbe."

Tuliimba nyimbo zote za kwaya. Akagonga mara ya pili. Nilimwona akipapasa mkeka kutafuta kikombe cha maji kilichokuwa karibu na goti lake, mkono ukipita juu yake mara mbili. Hapo ndipo machozi yalianza, na niligundua kwamba naweza kulia nitakavyo, alimradi sauti isinisaliti. Hakuna aliyeniona. Nilimsimulia vichekesho vya Lushoto, vya bibi yangu na mbuzi aliyekula Biblia, na nikacheka mwenyewe, uso wangu umelowa mpaka shingoni. Mara ya tatu. Mara ya nne. Saa mbili zilikuwa zimekwisha, na mwanangu alikuwa bado ametazama ukuta. Nilianza kumpangia maisha ya fimbo nyeupe. Nilifikiri nani atamshika mkono mimi nikifa.

"Mama, yale mafuta yalikuwa ya nini?"

Nilijua atauliza siku moja. Nikamwambia. Nikamwambia nilifikiri najua, na nikaona aibu kuuliza, nikamdanganya Mzee Uweso, na kwamba kichwa chake na kutapika kwake na dunia kuzima, yote niliyafanya mimi kwa mkono wangu. Nilisema kwa sauti nyepesi, yenye tabasamu, ile ya kumwambia mtoto mambo makubwa asiogope. Nikamwomba msamaha kwa sauti hiyo hiyo.

Wilfred akagonga mara ya tano. Nikaendelea kuongea, sijui nini, likizo, Maramba, machungwa. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani amesinzia ameketi.

"Mama."

"Eeh, mwanangu."

"Mbona sauti yako inacheka na wewe unalia?"

"Nani kasema nalia?"

"Si nakuona," akasema. Mkono wake ukatoka kwenye mapaja, ukaja moja kwa moja mpaka shavuni kwangu, haukupapasa popote.